Uwanja wa Eufrazia, Masika ya 1996

Jumapili, 3 Machi 1996
Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza tukiwa misa ya pili, ikapiga bati mpaka padri akaacha kuhubiri, akasubiri. Mlima haukuonekana kutwa nzima.

Wakati wa chakula mke wangu, Mama Mikaeli, ameniambia anataka ile sehemu ya nyuma ya nyumba. Nikafikiri ni kwa ajili ya mchicha. Nikamwambia achukue tuta lolote analotaka.

"Sitaki bustani," akasema. "Nataka uwanja wa netiboli."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 4 Machi
Mvua kidogo alfajiri, kisha jua.

Kiwandani niliandika taarifa ya zamu kila siku kwa miaka mingi, hali ya mashine na jina la aliyeumia. Kiwanda kimekwenda, mkono umebaki na mazoea. Basi niandike na hili.

Hapa kwetu Bigwa, Morogoro, nyuma ya nyumba, kuna kipande kirefu kinachoshuka taratibu kutoka upande wa mlimani hadi mpakani na jirani yetu, Mzee Mwinshehe. Ni migomba tu. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe na sisi sote kupunguzwa, nimekuwa na mpango mmoja: vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo. Kila mtu Bigwa siku hizi anajenga vyumba. Mimi natengeneza cherehani za watu kwenye baraza la duka mjini, mke wangu anauza mitumba ya watoto sokoni, mwanetu Mikaeli yuko Dar na mambo yake. Vyumba ndivyo vingetutunza uzeeni. Matofali yake tuliyafyatua mimi na mke wangu, yeye akikanda udongo mimi nikishika kibao cha kufyatulia. Kwa hiyo si kwamba hajui.

Asubuhi nilimuuliza, "Kwa nini uwanja, mama?"

Alikuwa anakunja nguo zake za kuuza. "Juzi nilipita kule kiwandani. Uwanja wetu wameupangia makontena."

Akajitwika furushi akaenda zake.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Hatujazungumza habari ya uwanja.

Jumamosi, 9 Machi
Mawingu, lakini hakuna kilichoshuka. Sikwenda mjini.

Jumamosi zamani zilikuwa na sauti yake. King'ora cha saa nane kililia, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na masikio yakabaki yanavuma. Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda uwanjani, na mafuta mikononi. Wachezaji walivaa sketi za bluu zilizoshonwa kwa kitambaa tulichokifuma wenyewe, na bendi ya kiwanda ilipiga ngoma zake chini ya mti wa mkrismasi wenye maua mekundu. Watu walitoka Kihonda, Mafiga, Kichangani, wakasimama mpaka juu ya ukuta. Zikija timu za Tanga au Mwanza, wapishi wa kantini walichinja ng'ombe.

Hapo ndipo nilipomjua Eufrazia wa Matombo. Nilikuwa fundi kijana kutoka Mbinga, sina ndugu mji huu. Nimesimama pembeni ya mstari, akaja mbio, akavua hereni zake akaniwekea kiganjani. "Nishikie," akasema, kama vile tuliwahi kuonana. Akaenda kufunga magoli siku hiyo mpaka wale wa Tanga wakaanza kulaumiana. Mimi nilibaki na ngumi imefungwa hadi mwisho, naogopa hata kupiga makofi.

Nimemwangalia leo akianua nguo kwa kuhofia mvua. Mwaka huu hajaimba hata mara moja akiwa kazini. Sijui kama nililiona hilo kabla ya kuliandika.

Jumapili, 17 Machi
Tumeelewana. Sehemu kubwa ya juu itakuwa uwanja wake. Pembe ya chini, karibu na mpaka wa Mzee Mwinshehe, ni vyumba vyangu, viwili badala ya vinne. Alinipa mkono kama wafanyavyo manahodha kabla ya mechi.

Jumatano, 20 Machi
Mvua kubwa. Migomba imeng'olewa yote. Nilipenda ile migomba.

Jumamosi, 23 Machi
Leo ameingia Mwanvita. Nilikuwa sijamwona tangu siku tuliyopewa barua za kupunguzwa. Ameshuka na lori la ndizi kutoka Mkuyuni, mnene kuliko zamani, kicheko kilekile. Mwanvita ndiye aliyekuwa senta. Hakuna mpira uliofika kwa Eufrazia bila kupita mikononi mwake.

"Shikamoo, shemeji," akanitania, maana tunalingana umri. "Kumbe hujafa na mashine zako!"

"Kama wewe hujafa na ndizi zako."

Waliingia nyuma na mke wangu wakasimama wakitazama tope. Halafu Mwanvita akavua kandambili, akakanyaga huku na huku kwa kisigino. "Udongo huu ukinyesha utakuwa uji," akasema. "Tutafute udongo wa kichuguu. Si unakumbuka uwanja wetu wa kwanza, kabla hawajatumwagia saruji? Ulikuwa kichuguu mtupu."

Alhamisi, 28 Machi
Msingi wa vyumba umekwisha. Mawe ya mtoni, saruji ya kutosha, kamba imenyooka. Nimesimama ndani ya chumba ambacho hakijawa chumba nikaona pa kuweka mlango. Mzee Mwinshehe alikuwa upande wake wa mpaka, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, shemeji." Ananiita hivyo kwa kuwa nimeoa Mluguru mwenzake. "Haya maji ya mlimani mmeyaambia yapite wapi?"

Nikamjibu kwamba yatapita yanapopita siku zote. Akaguna akaondoka. Mtu wa maneno, yule. Mwaka juzi alilalamikia jogoo wetu.

Jumanne, 2 Aprili
Wanawake wanazidi. Leo walikuwa saba, wote wa zamani: mmoja muuza mkaa, mmoja mwalimu wa chekechea, wengine siwajui wanaishije sasa. Wamebomoa kichuguu kilichokufa kule juu karibu na kijito, wanakibeba kwa madebe na ndoo, wanamwaga, wanaloweka, wanashindilia kwa magogo. Wanaimba wakishindilia. Fundi wa nyumba ya pili ameacha kazi yake kuwaangalia.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka
Mikaeli amekuja na viatu vipya. Alitembea mpaka nyuma, akarudi. "Baba, siku hizi kila kipande ni biashara. Mnaweka uwanja?" Nikamwambia amuulize mama yake. Hakumuuliza.

Jumatatu, 8 Aprili
Jua kali, barabara imekauka.

Tumekwenda Kingolwira kwa baiskeli, mimi nakanyaga, yeye nyuma. Tulimfuata Winfrida. Huyo alikuwa mlinzi wa goli, mrefu, mwenye mikono ambayo Mwanvita husema ilikuwa na viungo vya ziada. Ameolewa na askari wa magereza. Mke wangu alimchukulia mkate wa Pasaka na kanga, na njia nzima alinisimulia vile Winfrida alivyokuwa akimzuia kwenye mazoezi. "Kwenye mechi nilifunga kwa sababu hakuna aliyekuwa mgumu kama yule. Wengine wote niliwaona wepesi."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke tusiyemjua, wifi yake. Tulipotaja jina akatutazama, kisha akatukaribisha ndani akatupa viti kabla ya kusema lolote. Hapo tu nikajua.

Winfrida alizikwa Agosti mwaka jana. Aliugua muda mrefu.

"Mbona hamkuja?" wifi akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Siku za mwisho alikuwa akisema wenzangu wa kiwandani watakuja, basi litakuja. Tukasubiri kidogo kuzika, tukaona hakuna mtu."

Eufrazia akasema, "Hatukujua." Akarudia, "Mama, hatukujua."

Wifi alituonyesha kaburi. Mke wangu alipiga magoti, akang'oa magugu kwa muda mrefu, akaacha kanga pale juu ameikunja vizuri. Mkate tuliwaachia watoto.

Kurudi alishuka kwenye baiskeli tukatembea. Tulipofika reli akasema, "Zamani msiba ulibandikwa getini asubuhi, mchana basi limejaa. Mtu alizikwa na idara nzima. Sasa mwenzangu amekufa, ni kutoka hapa hadi pale tu, mimi nachagua magauni ya watoto sokoni." Baadaye akasema tena, "Hawakutunyang'anya kazi tu, Baba Mikaeli."

Nilidhani uwanja ni wa kuchezea. Nimekuwa mjinga kwa mwezi mzima, na sina wa kumwambia hilo isipokuwa karatasi hii.

Jumanne, 9 Aprili
Nimeacha cherehani za watu zikae. Nimetengeneza magoli: mabomba mawili ya chuma niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya paa la vyumba, na pete za nondo nilizozikunja mwenyewe. Mke wangu alipoziona alipitisha mkono ndani ya moja, akaizungusha. "Imepinda upande huu," akasema. Imepinda kweli. Nimeikunja upya.

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua.

Ijumaa, 19 Aprili
Mvua. Uwanja umesimama! Maji yanateleza juu yake kama juu ya sahani, hayazami. Wanawake wamepiga vigelegele. Mimi pia nimefurahi, sikujiuliza yanateleza kwenda wapi.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimerudi kutoka mjini saa tisa nikiwa nimelowa hadi ndani ya mifuko. Mlima ulinguruma tangu mchana. Sijaona maji kama haya tangu nihamie Morogoro. Yalishuka mekundu, yakafika uwanjani, na pale ambapo zamani yangetulia kwenye migomba na kunywewa na ardhi, hayakukuta kitu cha kuyazuia. Yalipita juu ya kichuguu chetu kilichoshindiliwa, yakagonga msingi wa vyumba vyangu, yakageuka pembeni, yakaingia kwa Mzee Mwinshehe kwa mkupuo mmoja.

Nilisikia ukuta ukianguka. Ni sauti nzito, fupi.

Nikaruka mpaka. Jiko lao lote limelala chini, la udongo, na kuni zinaelea. Asia, mkewe, alikuwa amesimama kwenye mvua ameshika sufuria, hajaumia. Alikuwa ametoka jikoni kwenda kuchota unga, ndiyo maana yuko hai. Eufrazia alikuja mbio akamfunika kwa mtandio wake akampeleka kwetu.

Mzee Mwinshehe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinitazama tu, maji yakimtiririka kwenye ndevu.

"Nilikuuliza," akasema.

Jumamosi, 27 Aprili
Kikao kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ni mtu wa haki, anaongea polepole. Ametuambia jiko tutalijenga, hilo tulishakubali wenyewe. La pili: maji yapate njia ya kwenda korongoni, kule chini ya mashamba yetu, kabla wiki haijaisha, la sivyo uwanja ulimwe urudi kuwa shamba.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ikate shamba la Mzee Mwinshehe, pale kwenye miembe yake midogo na magimbi, ambapo hakuna jengo. Ni fupi na rahisi. Ya pili ipite pembe yetu ya chini, yaani katikati ya msingi wangu.

"Kwangu haupiti mfereji," Mzee Mwinshehe akasema.

"Mzee, pale ni magimbi tu," nikamwambia.

"Haupiti."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Nilimwambia mke wangu kwamba yule mzee anatukomoa, kwamba hajawahi kutupenda sisi watu wa kuja. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. "Basi tuulime," akasema. "Jenga vyumba vyako, Baba Mikaeli. Vinne, kama ulivyotaka." Akaingia ndani.

Nilikuwa nimepewa kila nilichokitaka mwezi Machi. Nikakaa pale kwenye benchi na sikujua nifanye nini nacho.

Jumapili, 28 Aprili
Ni Idi ya kuchinja. Pamoja na jiko kuanguka, Asia ameleta pilau na nyama, amepikia kwa dada yake. Aliweka sinia mezani, akabaki amesimama.

"Shemeji, usimchukie mzee," akaniambia. "Pale kwenye magimbi wamelala mama yake na bibi yake. Hayana mawe, makaburi yale, ya zamani. Hapendi kuyasema mbele ya kikao, akaona heri aitwe mkorofi."

Miaka yote hii nimempita mtu huyo akiwa amesimama pale, mikono nyuma, nikidhani anachungulia mambo yetu.

Asia alipotoka alipitia nyuma. Nilimwona akisimama chini ya goli. Aliokota dafu lililoanguka kutoka mnazi wa jirani, akatazama kushoto na kulia, akalirusha. Halikuingia. Akacheka peke yake akaenda zake.

Jumanne, 30 Aprili
Hakuna mvua. Mawingu yamekaa mlimani.

Nimechukua sururu asubuhi nikaanza na pembe ya mashariki, pale nilipopanga pawe mlango. Saruji yangu ilikuwa nzuri; imenitoa jasho. Mke wangu alitoka na beseni la nguo akasimama.

"Unafanya nini?"

"Natafuta njia ya maji."

"Anselmi."

Alikuwa hajaniita kwa jina langu tangu Mikaeli azaliwe. Aliweka beseni chini. Sikugeuka kumtazama kwa sababu niliogopa asije akaona uso wangu. Nilisikia akienda stoo, kisha jembe likaanza kupiga nyuma yangu.

Saa tano Mwanvita alikuwa amefika, na wengine, waliitana sijui vipi. Walikata kutoka ukingo wa uwanja kushuka, mimi nikakata msingi. Tulipofika mpakani ilibaki sehemu ndogo ya mwisho, upande wa chini wa Mzee Mwinshehe, mbali na magimbi, kabla ya korongo. Nilikuwa najiandaa kwenda kumwomba. Nikasikia chepe. Alikuwa ameshaanza kuchimba kutoka korongoni kuja juu, kanzu ameifunga kiunoni.

Tulichimba tukielekeana. Tulipokutana alinyoosha mgongo.

"Ulikuwa msingi mzuri," akasema.

"Ulikuwa mzuri, mzee."

"Mawe hayo usiyatupe. Tutayajengea jiko la Asia."

Jumamosi, 4 Mei
Mvua kubwa. Tulisimama watu wote wa nyumba mbili kuutazama mfereji. Maji yalikuja, yakakusanyika, yakaingia, yakaenda. Mzee Mwinshehe alifuatana nayo hadi korongoni kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyemwamini.

Jumatano, 15 Mei
Jiko la Asia limeezekwa. Ni jiko la mawe, la kwanza mtaani.

Jumapili, 26 Mei
Mvua zinakwisha. Manyunyu ya jioni tu. Nimejaza pipa mawe, tunalisukuma kwa zamu juu ya uwanja, linang'arisha ardhi. Mtu akipita barabarani anauliza kama ni pa kuanikia mpunga.

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi ya baridi. Mke wangu anaimba akifua. Sitamwambia kwamba namsikia, asije akaacha.

Jumamosi, 8 Juni
Mikaeli amekuja. Ameona msingi uliovunjwa, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa. Lakini mchana nikamkuta anamsaidia mama yake kuvuta kamba ya kuchorea mistari.

Jumamosi, 15 Juni
Jua, upepo mdogo kutoka mlimani, mlingoti ulio juu ya kilele cha Bondwa unaonekana wazi.

Wamekuja kumi. Wengine wamevaa sketi walizoshona kwa kanga, wengine suruali za mitumba. Asia naye amekuja, amefunga kilemba vizuri, akasema atatazama tu. Mwanvita akamshika mkono akamwingiza. Majirani wamejaa mpaka kwenye mfereji. Mzee Mwinshehe ameleta kiti chake mwenyewe. Nimepewa filimbi kwa kuwa, wamesema, mimi ndiye mtu pekee niliyeona mechi zao zote.

Waligawana wachezaji, na wakati wa kupanga nafasi wakafika kwa mlinzi wa goli. Hakuna aliyeisogelea. Muuza mkaa ni mrefu, angeweza, lakini aliangalia chini. Mke wangu akasema, "Kwenye goli ninalofungia mimi tuiache." Wakaiacha. Nikapuliza kuanza.

Magoti hayako kama zamani. Mpira ulianguka ovyo, waligongana, mwalimu wa chekechea alipumzika mara mbili bila ruhusa. Lakini kisha Mwanvita akaupata katikati, hakutazama hata kidogo, akaurusha nyuma ya kichwa kule ambako zamani Eufrazia angekuwa. Na Eufrazia alikuwepo.

Akaudaka. Alikuwa peke yake chini ya goli, hakuna mtu wa kumzuia, hakuna hata mkono mmoja mbele yake. Akainua mpira kwa vidole vile ninavyovijua. Akakaa na mpira juu muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu, na mimi refa sikupuliza.

Akarusha. Ukagonga pete, ukazunguka, ukatoka nje.

Miaka yote sikuwahi kumwona akikosa goli wazi. Alisimama ametazama juu, mikono bado hewani. Halafu Mwanvita akaweka mikono kiunoni akapaza sauti yake ya sokoni:

"Hata hayupo anakuzuia!"

Eufrazia akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, kwenye kichuguu, uso umelowa, na wenzake wakamjia wakamwangukia mmoja mmoja, Asia katikati yao asiyejua hata Winfrida ni nani, wakacheka na kulia kwa pamoja kwa namna ambayo sijui jina lake. Mzee Mwinshehe alinitazama kuuliza kama ndivyo mchezo ulivyo. Nikamwambia ndivyo.

Wakainuka, wakajikung'uta, wakaendelea. Sikumbuki nani alishinda. Jua lilipogusa mgongo wa milima nikapuliza filimbi ya mwisho, ndefu, kama inavyotakiwa. Mwanvita akampa mpira Asia, Asia akampa mke wangu. Nikapuliza tena kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyegeuka.